Tangazo la Fundi Kai

Baba yangu alikuwa mtu wa dunia. Sisemi mimi, walisema wao, wa kanisani na wa msikitini, na si kawaida hao wawili kukubaliana hapa Chaani, hata kuhusu mtaro wa maji machafu unaopita kati yao. Alikuwa haswali wala hasali. Ijumaa yuko kazini, Jumapili yuko kazini, na ukimuuliza dini yake alikujibu, "Mimi bado niko duniani. Ya huko nitauliza nikifika." Watu walicheka, kisha wakaenda zao wakitikisa vichwa.

Jina lake Kai Munga, lakini wote walimwita Fundi. Alitengeneza vipaza sauti: amplifaya, maiki, na zile spika za mdomo mpana zinazofungwa juu ya minara na mapaa. Kibanda chetu cha mabati kilikatwa katikati kwa ubao wa plaiwudi. Nyuma yuko yeye na nyaya zake, mbele niko mimi, Vivian, na saluni yangu. Nimesuka vichwa vya nusu ya wanawake wa Chaani huku nikimsikia baba akiguna upande wa pili wa ubao, kwa hiyo asije mtu akanieleza habari zake.

Kila akimaliza kutengeneza spika aliitoa nje, akaiweka juu ya pipa, akaielekeza mtaani na kushika maiki. Mafundi wengine husema moja, mbili, tatu. Baba alisema, "Chaani, mwasikia?" Na watu waliitika popote walipokuwa: mama anayekaanga viazi, vijana wa bodaboda pale kwenye kona, wateja wangu wenye nywele nusu zimesukwa. "Twasikia!" Waliokuwa wamelala nao waliitika, wengine kwa matusi. Naye kabla ya kuzima alisema maneno yale yale siku zote: "Haya, endeleeni na dunia yenu." Kisha ungeisikia swichi, twap, na kimya.

Sasa hilo neno dunia nataka nilizungumze kabla sijafika kwenye msiba, maana ndilo lililonitesa.

Maalim Ghalib, anayesomesha watoto Kurani chuoni na kuadhini katika msikiti wetu mdogo, akisema dunia hana nia mbaya. Kwake kuna elimu ya dini na elimu ya dunia. Ya dunia ni hesabu, Kiingereza, kompyuta, udereva. Mwanawe Mansur anasomea uhandisi, na Maalim hajui kunyamaza kuhusu mtoto huyo, akishamsifu mpaka akachoka humalizia, "Lakini hiyo ni ya dunia." Yaani inafaa, ila haitoshi.

Kwa Mchungaji Dorothy dunia ni mahali pachafu. Kuna nyimbo za dunia, mavazi ya dunia, marafiki wa dunia. Mteja wangu mmoja aliokoka Jumapili, Jumatatu akaja nimfumue nywele za bandia kwa sababu ni za dunia. Ijumaa akarudi nimsuke upya. Kulikuwa na harusi. Nilimsuka bila kumuuliza dunia imerudi lini.

Serikali nayo, tunaambiwa, haina dini. Katiba imesema. Lakini uende kwenye baraza la chifu uone kama mkutano utafunguliwa kabla hajaomba Mkristo mmoja na Mwislamu mmoja, na kabla watu hawajanuniana kuhusu nani aanze. Baba ndiye aliyefunga spika za baraza. Alisimama baina ya wale waombaji wawili, akampa huyu maiki, akampokonya, akampa yule. "Serikali haina dini," aliniambia siku moja tukikunja nyaya, "lakini ina maiki moja."

Yeye mwenyewe, tangu utotoni, alivutwa huku na huku. Mama yake alikuwa Mkristo wa Rabai, baba yake alisilimu akiwa kibarua bandarini. Alibatizwa Jumapili, Jumatatu akapelekwa chuoni, na kila mmoja wa wazazi wake alimwambia mwenzake kwamba mtoto ameharibiwa. Alipopata akili zake alisema atangoja kwanza, na akazeeka akingoja. Hakuwa akimpinga Mungu, wala hakumcheka mtu kwa kumwabudu. Alichosema ni kwamba Mungu hana haja na amplifaya, wenye haja nazo ni sisi, na kwa hiyo kazi ipo.

Tena hakubagua. Ramadhani moja amplifaya ya msikiti iliungua jioni, watu wameshafuturu, swala ya tarawehe inakaribia. Spea hakuna. Kibandani kulikuwa na amplifaya ya kanisa aliyokuwa amemaliza kuitengeneza. Aliichukua, akaifunika kwa kanga ya marehemu mama yangu, akapita nayo uchochoroni. Tarawehe zikaswaliwa kwa mashine ya kanisa siku kadhaa, na sauti ikasifiwa. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. "Nyamaza," aliniambia, "wataanza kuiosha." Nikanyamaza.

Alifariki Alhamisi. Asubuhi nilisikia kitu kimeanguka upande wa pili wa ubao, nikadhani ni spika. Nikamalizia msuko niliokuwa nao mkononi, kisha nikaita, "Baba, imevunjika?" Hakujibu. Vijana wa bodaboda walinisaidia kumpakia kwenye tuktuk, tukafika hospitali angali anapumua, lakini kabla ya adhuhuri daktari akatoka akaniita kando. Presha. Alikuwa na dawa kwenye mfuko wa shati, hakuwa amezifungua.

Nilimpigia ami yangu Ngowa aliyeko Rabai, kwenye shamba la familia. Alilia, kisha akasema, "Mlete kwao. Mahali papo. Lakini Vivian, hapa tumebaki wazee na watoto, na ardhi ya huku waijua, ni mawe. Njoo na watu wa kuchimba." Nikamwambia tutamzika Jumamosi na watu watakuwepo. Nilisema bila wasiwasi wowote. Mtu ambaye sauti za mtaa mzima zimepita mikononi mwake atakosaje watu?

Nikarudi nyumbani, nikatandika mkeka, nikakaa kungoja.

Hapa kwetu mtu akifa, saa haipiti kabla turubai halijafungwa. Viti vinatoka kusikojulikana, masufuria yanakuja, kina mama wanajaa ndani, wanaume nje. Safari hii watu walifika mlangoni mmoja mmoja. "Pole, Vivian." "Poleni sana." Wakakaa kidogo wakitazama sakafu, kisha wakainuka. Hakuna aliyeuliza turubai. Hakuna aliyewasha jiko. Ilipoadhiniwa alasiri nilikuwa peke yangu na mkeka wangu, na hasira ikaanza kunipanda. Nilihesabu moyoni yote aliyowatendea: huyu redio yake, yule spika za harusi ya bintiye. Nikasema, binadamu hawana wema.

Nikajua kinachokosekana ni tangazo. Huku msiba hauwi msiba mpaka utangazwe. Mwislamu akifa hutangazwa kwa spika ya msikiti: jina lake, mtoto wa nani, anaswaliwa wapi, anazikwa saa ngapi. Mkristo hutangazwa kwa spika ya kanisa: familia inakutana wapi, kwaya inaondoka lini. Watu wakishasikia hujipanga wenyewe. Bila tangazo kila mtu hubaki akingoja. Nikavaa leso, nikatoka.

Nilimkuta Maalim Ghalib kwenye kibaraza cha msikiti, watoto wameshaondoka, amekaa peke yake na kikombe cha kahawa ambacho hajakigusa.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Subira. Nimepata habari, mwili wote umenilegea." Macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Nimekuja unitangazie. Kwa spika."

Akainua macho kwenye spika.

"Spika hiyo ameitengeneza yeye," nikasema.

"Naijua alivyoitengeneza. Nilikuwa nimekaa papa hapa."

"Basi?"

"Vivian, nisikize. Nikitangaza kwa spika hii, watu watakuja na jeneza. Wataniuliza anaswaliwa saa ngapi. Nitawajibu nini? Nimekunywa kahawa na babako miaka na miaka, wallahi sina rafiki mwengine kama yeye. Lakini shahada sikumsikia akiitoa. Siwezi kumtilia mtu kinywani maneno ambayo hakuyasema, hata yakiwa ndiyo maneno bora."

Nilitafuta pa kumshika nikakosa, na hilo likanikasirisha zaidi. "Mtoto akipotea si mwatangaza? Hata asiye Mwislamu?"

"Mtoto aliyepotea haswaliwi, mwanangu. Hurudishwa kwao."

"Haya. Na babangu amepotea," nikamwambia, nikageuka bila kumuaga. Mtu mzima vile. Baba angekuwepo angenirudisha niombe radhi.

Kanisani, Mchungaji Dorothy alikuwa akipanga viti kwa ajili ya maombi ya jioni. Alikiacha kiti, akanikumbatia, akaniombea hapo hapo, kwa muda mrefu na kwa machozi ya kweli. Siwezi kusema hana roho. Nilipomaliza kusema amina nikamweleza nililolitaka.

"Dada Vivian," akasema, akinishika mkono, "wazee wa kanisa wameshaweka mpaka. Mwaka juzi tulikubali kuzika mtu wa dunia, asiyeingia hapa hata kwa kujikinga mvua. Vijana wao wakatuletea disko matanga mbele ya jeneza, watu wakacheza mpaka asubuhi jina la kanisa likiwa limeandikwa juu ya turubai. Tangu hapo ni washirika peke yao. Mama yako Agneta si tulimzika kwa heshima?"

"Mlimzika. Na baba alifunga spika."

"Alifunga, Mungu amkumbuke. Halafu akaenda kusimama nje ya ua pamoja na yule maalim, kofia kichwani." Akapunguza sauti, kama mtu anayegusa jambo la aibu ya familia. "Na kwani watu wa upande wa baba yako wanasemaje? Mimi nilijua wao ndio watakaomzika. Wenzetu hawachelewi, nilidhani mmeshamaliza."

Sikuelewa alichosema. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia na chuki huziba masikio. Nilitaka nimwambie tarawehe ziliswaliwa kwa amplifaya gani, nione uso wake utakuwaje. Nikaumeza ulimi, kwa sababu siri ile ilikuwa ya baba. Nikarudi nyumbani nikiwa nimewafukuza wote moyoni mwangu, wa msikiti na wa kanisa, na Chaani nzima pamoja nao.

Mlangoni nilimkuta Mwanaima, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwenye ulimi mrefu na mkono mwepesi wa kutoa. Alikuwa na bakuli la uji wa mchele uliofunikwa sahani.

"Kunywa kwanza," akasema. "Kisha uniambie wenzenu wa kanisani wameweka maziko lini. Nataka kujua nipike lini, maana nyinyi matanga yenu hukaa sana, nisije nikamaliza mchele mapema."

"Wenzetu gani?"

"Wa kanisani. Si ndio watakaomzika?"

Kabla sijamjibu akaingia Jumwa, mama wa viazi, bado ana unga wa dengu mikononi. Akatutazama, akashika kifua. "Kwani hajazikwa? Mimi nimeogopa kuja! Najua Waislamu huzika siku iyo hiyo, na wanawake hawafuati maiti. Nikasema nikae na karai langu nisije nikawaharibia mambo yao."

"Waislamu?" akauliza Mwanaima. "Fundi alikuwa Mkristo!"

"Nani kakwambia?"

"Mkewe si alikuwa Agneta? Jina lake si Kai?"

"Na Ramadhani ulimwona akila mchana? Mimi nauza viazi pale mlangoni kwake, hakununua hata kimoja mpaka jua lizame."

"Alikuwa hali mchana mwaka mzima," nikasema. "Alikuwa akisahau."

Mwanaima akaliweka bakuli chini polepole. Nami hapo ndipo maneno ya Mchungaji Dorothy yakanirudia, na wale waliokuja mmoja mmoja wakatazama sakafu na kuondoka nikawaona upya. Hawakuwa wamemtupa. Wa huku walimwachia wa kule, wa kule walimwachia wa huku, kila mmoja kwa adabu, asije akaingilia maziko ya wenzake. Adabu ya Chaani ilikuwa karibu imzike baba yangu peke yake.

Nikacheka. Kisha nikawa silii wala sicheki, sijui nilikuwa nikifanya nini. Jumwa akanipaka unga wa dengu usoni akijaribu kunifuta.

"Sasa ni wa nani?" akauliza Mwanaima. Hakuuliza kwa ubaya.

"Ngojeni," nikawaambia.

Nilipita saluni, nikazunguka ubao wa plaiwudi. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha, pamoja na kiti kilichoanguka. Mezani kulikuwa na spika ya mdomo mpana, kifuniko kimefungwa, kitambaa cha kufutia kimewekwa juu, alikuwa amemaliza. Sikujua ni ya msikiti, ya kanisa au ya chifu. Hakuwa mtu wa kuandika majina, alisema vitu huwajua wenyewe. Nikaibeba mpaka nje, nikaiweka juu ya pipa. Mwanaima akavuta waya, Jumwa akashika amplifaya kwa kanga ili asiipake unga. Nikaunganisha kama nilivyomwona akiunganisha tangu nikiwa mdogo. Taa nyekundu ikawaka.

Magharibi ilikuwa karibu. Huo ndio ulikuwa wakati wake wa kujaribu spika, kati ya sauti moja na nyingine, ili asimkatize mtu.

Nikashika maiki, na maneno yakanikimbia. Nilikuwa nimesikia matangazo ya vifo maisha yangu yote. Ya msikitini yana maneno yake, nayajua, lakini Maalim amesema hayawezi kutiwa katika kinywa cha baba. Ya kanisani husema mpendwa wetu amelala katika Bwana. Baba hakulala. Alianguka kibandani, nami nikamalizia msuko. Nilisimama nikisikia pumzi zangu mwenyewe zikitoka kwenye spika, zikienda mtaani.

Nikasema, "Chaani, mwasikia?"

Kimya. Pikipiki moja kwenye kona ikazimwa. Nilidhani nimekosea, kwamba maneno yale yalikuwa ya mtu mmoja na amekwenda nayo.

Kisha nyuma yangu Jumwa akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Twasikia." Kwenye kona wakaitika vijana. Akaitika mtu ghorofani, nyumba ya njano. Mlango ukafunguliwa, dirisha, mwengine tena, na lile neno likaja kutoka kila upande, la kizee, la kitoto, hakuna aliyepiga kelele wala aliyetukana. Twasikia. Twasikia, Vivian.

"Fundi Kai amefariki leo," nikasema. "Wa msikitini mlidhani ni wa kanisa. Wa kanisani mlidhani ni wa msikiti. Nawaambia hakuwa wa huko wala wa huko. Alikuwa hapa. Tunamzika Jumamosi asubuhi kwao Rabai, na kaburi halijachimbwa, na ardhi ni mawe. Hakuna atakayewaita ila mimi. Basi nimewaita."

Nikataka kumaliza. Nilijua linalofuata, nilikuwa nalo mdomoni, lakini halikutoka. Nikaketi chini kando ya pipa, maiki ikaanguka mapajani, nikalia. Sikuwa nimezima. Chaani yote ikanisikia nikilia kwa sauti ya spika aliyoitengeneza baba, safi, bila mkwaruzo, mpaka Mwanaima alipoiona swichi.

Turubai lilikuja kabla ya isha. Lilikuwa la kanisa. Vijana walilibeba bila kumuuliza mzee yeyote, na jina la kanisa walilikunjia ndani. Mwanaima akapika ule mchele wake. Mansur akaja na wenzake wa chuo kikuu wameazima majembe na sururu, mikono laini kama ya maharusi, nikawaonea huruma mapema. Ijumaa baada ya swala alikuja Maalim Ghalib na birika lake la kahawa. Nilimwomba radhi, akaipokea kwa mkono kama anayefukuza nzi. Mchungaji Dorothy alikuwa ameshafika, amekaa na kina mama akichambua mboga, kitabu chake hakukuja nacho.

"Nikwambie jambo, Vivian," akasema Maalim, akimimina kahawa, na hakupunguza sauti. "Ile Ramadhani amplifaya yetu ilipoungua, babako akatuletea nyengine. Niliigeuza nikifuta vumbi. Chini kulikuwa na kibandiko, Yesu ni Bwana."

Nikamwangalia Mchungaji Dorothy, naye alikuwa amemwangalia Maalim, na jani la mchicha liko hewani.

"Ukafanyaje?" nikauliza.

"Nikairudisha ilivyokuwa. Sauti ilikuwa nzuri."

Mchungaji Dorothy akalitia lile jani kwenye bakuli. "Maalim," akasema, "nimiminie na mimi kahawa."

Jumamosi tulifika Rabai kwa lori la sokoni Kongowea, la mtu wa vitunguu aliyewahi kutengenezewa redio, na tukanuka vitunguu wote, wa dini na wa dunia. Ami Ngowa hakuwa amesema uongo kuhusu mawe. Vijana wa bodaboda wakachimba, vijana wa kanisa wakachimba, na Mansur na wenzake wakapasuka viganja bila kunung'unika. Mwanaima akaja mpaka ukingoni mwa kaburi, akasema leo yeye haendi kwa sheria ya maziko, anaenda kwa ujirani, na atakayemkataza ajitokeze. Hakujitokeza mtu.

Baba alipoteremshwa, ami Ngowa akaangaza huku na huku. "Nani anafunga?" akauliza. Alitaka kujua nani aseme maneno ya mwisho ndipo tufukie.

Kila mtu akamtazama mwenzake. Hapo ndipo mambo haya huharibikia. Nimeyaona barazani kwa chifu, nani aanze, nani amalize. Lakini hakuna aliyesogea mbele. Maalim Ghalib alifungua viganja vyake pale pale aliposimama, midomo ikacheza, sauti haikutoka. Mchungaji Dorothy akainamisha kichwa, naye akasema yake kimya. Wale wenye vyao wakasema vyao, na wasio na kitu wakatazama udongo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona hao wawili pamoja wakizungumza na Mungu bila amplifaya.

Wakamaliza, na bado hakuna aliyeshika jembe. Maalim akanigeukia.

"Vivian," akasema taratibu, "tangazo lako la juzi hukulifunga."

Nilijua anataka nini. Chaani nzima ilijua; nikaona Jumwa ameziba mdomo kwa leso. Nikasogea ukingoni. Sikuwa na maiki wala pipa, ilinibidi nitumie sauti yangu, na sauti yangu mimi ni ya saluni, haifiki mbali.

"Haya," nikasema. "Endeleeni na dunia yenu."

Nikangoja ile twap ya swichi, kwa mazoea. Nikasikia udongo wa kwanza.